Wanaocheka Majina ya Ndege Redioni

Hapa Opala, kando ya mto Lomami, ndege nyingi tunazisikia tu. Ile ya Addis Ababa kwenda Kinshasa hupita juu sana, mvumo ukabaki nyuma ya msitu. Mtu akisimulia kwamba kila kampuni ina jina lake la redioni, na kwamba Waingereza huitwa Speedbird, Brussels Airlines huitwa Beeline, na kuna Wamarekani walioitwa Cactus, yaani mpungate, watu huangua kicheko. Kisha madai huanza. Nimeyasikia kiasi cha kutosha.

La kwanza: eti ni mizaha ya marubani. Rubani hachagui chochote. Kampuni huomba, serikali yake hulifikisha ombi kwa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, na jina huandikwa pamoja na herufi tatu za kampuni hiyo. Linatakiwa lisifanane kwa sauti na jina la mwingine. Mengi yana ukoo: Speedbird lilikuwa jina la nembo iliyochorwa mwaka 1932 kwa ajili ya kampuni ya Imperial Airways, na British Airways wamelirithi.

La pili: hayo ni ya wazungu, Waafrika hatuna. Uganda Airlines huitwa Crested, kwa ajili ya korongo mwenye taji, ndege wa taifa lao. Afrika Kusini ni Springbok, swala wao. Na sisi je? Hewa Bora, kampuni iliyokuwa ikitua Kisangani, redioni iliitwa Allcongo. Hapo nina uchungu wangu: jina zuri la Kiswahili lilibaki limeandikwa ubavuni mwa ndege, halikusikika hewani. Ningependa siku moja mnara wa uwanja wa ndege wa Bangoka, Kisangani, uite ndege ya Kongo kwa neno la kwetu. Lakini kwamba hatujawahi kuwa na jina, hilo si kweli.

Wengine hudhani kila ndege ina jina la namna hiyo. La. Ndege ndogo inayotua kwenye kiwanja cha udongo mara nyingi hujitaja kwa usajili wake, 9Q ya nchi yetu na herufi zinazofuata. Hata ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, ikaanguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, wengi huikumbuka kama Albertina. Redioni ilikuwa SE-BDY.

Dai ninalolichukulia kwa uzito zaidi ni hili: jina la ajabu linachanganya, ingetosha namba. Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya US Airways iligongana na kundi la bata bukini juu ya New York, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Safari yake ilikuwa Cactus 1549. Nahodha, katika kuomba msaada, alisema Cactus 1539. Mwongozaji wa ndege aliyekuwa chini akamwita Cactus 1529. Watu wawili mahiri, namba mbili za makosa, ndani ya sekunde chache! Neno Cactus halikuteleza, na mwongozaji hakuuliza ni nani anayezungumza. Ndege ilitua mtoni, wote 155 wakapona.

Sasa tazama upande wa pili. Tenerife, 27 Machi 1977, kwenye ukungu, kabla ya ndege mbili kugongana, mwongozaji alikuwa akiiita ndege ya Pan Am kwa jina lake, Clipper. Katika mwito mmoja wa mwisho akasema Papa Alpha, yaani herufi P na A, huku ndege ya KLM ikiwa tayari inakimbia kwenye njia ya kurukia. Sisemi kwamba neno hilo ndilo lililoua watu 583. Ukungu, haraka na sauti zilizogongana redioni vilikuwa na sehemu kubwa zaidi. Nasema jina lililozoeleka lilikosekana katika dakika ambayo lilihitajika kuliko zote.

Na lile la mwisho, linaloniumiza: hayo hayatuhusu sisi wa msituni. Anga inayoongozwa kutoka Kinshasa, na yetu ikiwemo, ni kati ya zile za Afrika ambako mawasiliano na waongozaji wa chini ni hafifu, kwa hiyo marubani wameelekezwa kujitangaza wao kwa wao kwenye masafa ya 126.9 megahezi: mimi fulani, nipo mahali fulani, kimo fulani, naelekea huku. Usiku, juu ya paa zetu, jina ndilo linalomwambia rubani mwingine ni nani aliye karibu na njia yake.

Tena watu wa mkoa wetu wa Tshopo ndio wangepaswa kuwa wa mwisho kulishangaa jambo hili. Lokole, ngoma ya kupelekea habari ya majirani zetu Walokele, ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi yakipigwa hufanana. Ndiyo maana mpigaji hakutuma jina fupi. Kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, sentensi ndefu isiyoweza kudhaniwa ni ya mwingine. Mmisionari John Carrington, aliyeishi Yakusu, alilieleza hilo katika kitabu chake cha mwaka 1949, na yeye mwenyewe alipewa jina la ngoma. Anayecheka Cactus na ashuke Yakusu, awaulize wazee jina la babu yao kwenye lokole lilikuwa na maneno mangapi.