Bibi harusi, usirudi kutoka Unguja umekula chipsi tu



Siku hizi hapa Bomani ukimuuliza bibi harusi fungate ataifanyia wapi, mara nyingi jibu ni Zanzibar. Alhamdulillah, ni jambo jema. Safari si ndogo: basi kutoka Tarime hadi Dar es Salaam, kisha boti hadi Unguja, na pesa yenyewe imepatikana kwa jasho. Kinachonisikitisha ni picha zinazorudi. Bahari ipo, hina ipo, baibui jipya lipo. Ukitazama sahani, ni chipsi kuku, zile zile zinazouzwa stendi kwetu.

Mimi nasema hivi: ukifika kisiwani usile chakula cha wenyeji, fungate yako umeipata nusu.

Fungate maana yake ni siku saba. Kwa desturi ya pwani, maharusi walikaa ndani siku hizo wakipikiwa na kuletewa vyakula vizuri na jamaa zao. Kabla ya hoteli na picha za ufukweni, fungate ilikuwa ni kupumzika, kuzoeana na kulishwa. Kwa hiyo anayekula vizuri kwenye fungate hana ulafi wowote, anafuata asili yake.

Kuna na sababu ya dini. Sisi Waislamu wa Tarime ni wachache. Nyama ya buchani kwa kawaida imechinjwa na Muislamu, lakini kwenye sherehe ya jirani au mgahawa wa njiani inabidi uulize. Mara nyingine unaishia kula wali na maharage huku unatabasamu, usije ukamuudhi mwenyeji wako. Zanzibar karibu watu wote ni Waislamu. Mama anayekukaangia sambusa jioni ametoka kuswali Alasiri kama wewe. Kwa mtu aliyezoea kuuliza kila mara, hiyo ni neema. Tuishukuru kwa kuonja.

Ila tahadhari: neema hiyo ipo zaidi mitaani kuliko kwenye hoteli za ufukweni. Hoteli nyingi za kule zinapikia wageni kutoka Ulaya, na baadhi zinauza pombe. Mchuzi wa samaki unaweza kuwa umetiwa mvinyo, na soseji ya asubuhi hujui ni ya mnyama gani. Uliza bila aibu. Mhudumu hatashangaa, huenda naye ni Muislamu.

Basi mle nini? Anzeni na urojo, ule mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa embe au ukwaju, ndani yake viazi, bajia, kachori na chatine ya nazi, juu chipsi za muhogo. Asubuhi tafuteni mkate wa kumimina, wa mchele, nazi na iliki. Ulizeni boko boko, ngano iliyopikwa na nyama mpaka ikalainika. Kuleni pweza wa nazi. Na sisi tuliolelewa na ugali wa mtama tusiukose mkate wa mofa, ambao kwa asili ni wa unga wa mtama, unaookwa kwenye tanuri la udongo. Utaona kwamba nafaka ya kwetu ina ndugu yake baharini. Usiku malizieni na halua kidogo na kahawa chungu. Kama ni msimu wake, shokishoki na mabungo msiyaache.

Najua pingamizi. La kwanza, mwanamke wa heshima hali barabarani. Sawa, staha tunaipenda sote. Lakini chakula kinafungwa, mkakile chumbani au mkatafuta pembeni penye utulivu. Bustani ya Forodhani jioni imejaa familia, akina mama na watoto wao, na wala hakuna anayewatazama vibaya. Anayevaa nikabu akae upande usio na watu. Staha haijawahi kumnyima mtu urojo.

La pili ni tumbo. Nendeni penye wateja wengi, kuleni kinachotoka jikoni moto, maji yawe ya chupa, matunda mmenye wenyewe.

La tatu ni pesa, na hapa ndipo ninapobishana zaidi. Chakula cha mtaani ni nafuu kuliko cha hoteli. Ulizeni bei kabla ya kuagiza, chukueni kidogo kidogo, mgawane sahani moja. Sura ya Al-A'raf inaturuhusu kula na kunywa na hapo hapo inatukataza israfu. Bafe ya hotelini inakushawishi ujaze sahani kisha uiache nusu. Na shilingi unayompa mama wa vitumbua inaenda moja kwa moja kwenye ada ya mwanawe. Hiyo nayo ni baraka ya ndoa yenu.

Adabu msizisahau. Bismillahi, mkono wa kulia, na ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha na karai lake. Mkisafiri Ramadhani, hata kama mna ruhusa ya msafiri kufungua, msile hadharani mchana. Subirini Magharibi, mtaona futari za kisiwani zilivyo.

Na kama Unguja iko mbali na mfuko, fungate haijaharibika. Mkoa wetu una kivuko cha Kisorya, kule Bunda, kinachokuvusha hadi Ukerewe. Hicho nacho ni kisiwa. Kuna sato wa kutoka ziwani siku hiyo hiyo na machungwa yanayosifika kanda nzima. Kule swali la nani amechinja litarudi, lakini samaki hahitaji kuchinjwa. Kanuni ni ile ile, kula wanachokula wenyeji.

Mama mkwe akikuuliza uliona nini, mwambie. Akikuuliza ulikula nini, uwe na cha kumpikia.

Allah awape maharusi wetu mapenzi, rehema na riziki ya halali. Amin.