Mkulo Haurudishwi kwa Kaulimbiu

Kila msimu wa mvua wananchi huhimizwa kupanda miti, nao huitikia. Jambo hilo ni jema. Lakini iko miti ambayo kukatwa kwake hakufidiwi kwa sherehe ya siku moja. Mmojawapo ni mkulo, mti unaonukia kafuri, uotao katika misitu ya ukungu ya Usambara, Uluguru na Kilimanjaro.

Mbegu nyingi za mkulo huharibiwa na wadudu. Kwa hiyo mti huu huzaliana zaidi kwa machipukizi ya mizizi, tena hukua polepole. Mizizi ikiharibiwa, hauachi mrithi. Mwaka 2001 uchunguzi uliofanywa kwa ndege ulibainisha kuwa mikulo ilikuwa ikikatwa ovyo, kinyume cha sheria, katika misitu ya Kilimanjaro. Mwaka 2005 ikaamuliwa msitu huo uingizwe katika Hifadhi ya Taifa.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini sheria pekee haitoshi. Mbao hazina miguu. Hupita vizuizini kwa ridhaa ya mtu, na huishia kuwa kabati nyumbani kwa mtu. Mtumishi anunuaye bila kuuliza zilikotoka ni mshirika wa mkataji.

Walimu nao hawana budi kuwaeleza vijana kwamba misitu hiyo hunasa maji ya ukungu na kuilisha mito kama Pangani. Kitalu cha shule kina kazi yake. Kwa mkulo, kazi ya kwanza ni kuulinda ule ambao bado umesimama.