Kiherehere changu na Linux

Mie huku Mpanda nina msala. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilipokoma Oktoba 14, 2025, kikompyuta changu kuukuu kikawa hakina sifa za Windows 11. Kununua kipya? Wapi bwana! Nikaitia Linux Mint kwenye flashi. Ni ya bure, tena unaweza kuijaribu humo humo bila kugusa diski. Mie kwa kiherehere nikabonyeza pa kufuta diski yote!

Mashine sasa inakwenda chapchap, barua naandika kwa LibreOffice. Ila picha za marehemu mama ndo basi tena. Mzee bado anauliza, "Mwanangu, lini utanifungulia?"

Mshikaji, nakili vitu vyako kwanza! Tukutane wiki ijayo.