Huu ni mtihani wa hisabati au wa Kiingereza?

Ukiniletea jaribio la programu linalopima mambo mawili kwa mpigo, likafeli, nitakuuliza: lipi limefeli? Usipojua, futa uandike upya.

Sasa tazama hisabati ya KCSE. Swali linasema fundi anunue "at least" viti 5, na mtahiniwa aandike hilo kwa alama. Mtoto wa Lodwar au Kwale anaona "least", anakumbuka wimbo wa darasani wa "little, less, least", anaweka alama ya ndogo-kuliko. Amekosa. Mwulize huyo huyo kwa Kiswahili: viti visivyopungua 5. Neno lenyewe limeshampa jibu! Ni >= kavu kavu, hata mimi sihitaji kufikiri.

Je, hajui hesabu au hajui Kiingereza? Karatasi haiwezi kukwambia, lakini kwenye cheti gredi mbaya itaandikwa mbele ya hisabati.

Najua mtaniambia atakwenda kuajiriwa kwa Kiingereza. Sawa kabisa. KCSE ina karatasi 3 za Kiingereza, basi apimwe huko. Mbona akatwe alama tena kwenye hisabati, fizikia na biolojia?

Wengine watasema Kiswahili hakina istilahi. Hao wavuke Namanga. Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, hesabu zikiwemo. (Wakifika sekondari wanageuka Kiingereza, na hapo nao wana kesi ya kujibu.)

Hoja nzito ni moja tu: Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila Mkenya. Kweli. Ndiyo maana sisemi Kiingereza kiondolewe. Chapisha zote mbili ubavu kwa ubavu, mtoto asome anayoielewa. Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inazitambua zote mbili kuwa lugha rasmi, na Afrika Kusini hutoa mtihani wa matriki kwa Kiingereza na Kiafrikana.

Gharama? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili, menyu na vitufe vyake. Programu nzima ya ofisi! Karatasi moja ya hisabati ya KCSE ina maswali 24.