BMI: Je, mizani inamtendea haki mbeba magunia wa Idodi?

Kijana anayeishi kwa kubeba magunia ya mpunga katika Tarafa ya Idodi, mkoani Iringa, hana haja ya kufundishwa mazoezi ni nini. Mavuno yakianza anapakia malori tangu asubuhi, na lumbesa haina huruma na mgongo wa mtu. Mpandishe kijana huyo kwenye mizani siku ya upimaji wa afya. Tuseme ana kilo 78 na urefu wa sentimita 170. Kwa hesabu inayotumika karibu duniani kote, ataambiwa uzito wake umezidi.

Akiamini, huenda akapunguza chakula wakati kazi inamdai ale zaidi. Asipoamini, huenda akadharau vipimo vyote, pamoja na kile cha presha ambacho angepaswa kukisikiliza. Njia zote mbili zina hasara.

Hesabu yenyewe inaitwa BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Hata simu ya kiswaswadu inaifanya: andika kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Kwa kijana wetu ni 78 gawanya kwa 1.7, gawanya tena kwa 1.7. Jibu ni 27. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwa mtu mzima chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo.

Hakuna mahali katika hesabu hiyo panapouliza kilo 78 ni za nini. Misuli, mafuta, mifupa na maji vyote vinaingia kapu moja. Mwenye duka mwenye urefu na uzito uleule, anayeshinda amekaa kwenye kiti, naye atapata 27. Na misuli ni mizito kuliko mafuta. Ukimimina mafuta ya alizeti kwenye maji yanaelea, kwa sababu ni mepesi. Mafuta ya mwilini nayo ni mepesi kuliko maji, wakati misuli ni mizito kuliko maji. Kwa hiyo mtu aliyejengeka kwa kazi anaweza kuwa na kilo nyingi bila kuwa na mafuta mengi.

Kosa hili si la wahudumu wa afya. Aliyebuni hesabu hii miaka ya 1830 ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtaalamu wa hisabati na nyota. Alikuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani, wala hakuwa akitibu mgonjwa yeyote. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972, pale Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipoipima hesabu hiyo kwa wanaume zaidi ya 7,000. Walikuwa wanatafuta njia rahisi ya kulinganisha makundi ya watu, na kwa kazi hiyo inafaa hadi leo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulipoonyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, ulitumia BMI, na picha ile ni ya kuaminika. Katika kundi kubwa namna hiyo, wabeba magunia wachache hawawezi kuipotosha.

Lakini wewe mwenye kifua kipana usifurahi mapema. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliohusu watu zaidi ya 13,000, ulionyesha kwamba kipimo cha BMI ya 30 kiliwakosa zaidi ya nusu ya watu waliokuwa na mafuta ya kupindukia mwilini. Yaani hesabu hii inamsingizia mwenye misuli, ndiyo, lakini inawaachia wengi zaidi wapite. Mimi naona hapo ndipo penye hatari kubwa. Mzee wa sentimita 170 na kilo 68 ana BMI ya 23.5, safi kabisa kwenye karatasi. Mikono yake imekonda, kitambi kimetangulia mbele, na ni mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, yanayoambatana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo.

Wataalamu wamebadili msimamo. Mwaka 2023 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliwataka madaktari wasitegemee BMI peke yake. Januari 2025 tume ya wataalamu 58 kupitia jarida la tiba la Lancet ilipendekeza mtu asitangazwe kuwa na kiribatumbo kwa BMI tu, bali apimwe pia kiuno, au mafuta ya mwili moja kwa moja pale mashine ipo.

Mashine hizo hatuna vijijini. Kamba tunayo. Pima urefu wako kutoka kisigino hadi utosini, ikate hapo, ikunje katikati, kisha izungushe tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na hiyo ni sababu ya kwenda kupima presha na sukari hata kama mizani imekusifu. Kwa kijana wetu, mpaka ni sentimita 85. Njia hii haiwahusu wajawazito; wao na watoto wana vipimo vyao kliniki.

Kijana huyo arudie kamba baada ya msimu. Malori yakiondoka na kazi ikapungua huku sahani ya wali ikibaki ileile, misuli hupungua na mafuta huongezeka, na mizani inaweza kuendelea kusoma 78.