Ficha zote, pipa la taka liache

Ndugu mwandishi, makala yako ya kuficha ikoni za Windows ni nzuri, ila umetusahau sisi wa saiba. Hapa Matete kompyuta moja huhudumia mwanafunzi wa HELB, mwalimu wa iTax na mzee anayetafuta cheti kwenye eCitizen. Kila ikoni ya ziada hapo ni mwaliko wa kubofya pasipofaa.

Za kwenye eneokazi ni rahisi: Personalize, Themes, Desktop icon settings, unaondoa tiki. Kazi iko ndani ya File Explorer. Folda ya 3D Objects, iliyoletwa na Windows 10 mwaka 2017 (sijawahi kuona mteja akiifungua), haina tiki ya kuondoa. Mpaka uingie kwenye rejista. OneDrive nayo, ukitaka kuificha bila kuiondoa, tafuta System.IsPinnedToNameSpaceTree, geuza 1 iwe 0. Ungewaambia wasomaji wahifadhi nakala ya rejista kwanza, maana huko ukikosea kompyuta inaweza kugoma kuwaka.

Pipa la taka mimi siligusi. Mteja akifuta wasifu wake kabla hatujauchapisha, huchimbuliwa humo. Vilivyofutwa kwenye flashi ndivyo kwa kawaida havipitii pipani, na hapo huwa namwambia mteja aanze kuandika upya.