Hataza: Mlalahoi analipishwa kodi ya akili yake

Vijana wa Gerezani wanajua kuunda mashine. Za kukoboa, za kusaga, za kukamua mafuta, zote wanazitoa kwenye chuma chakavu. Kila siku wanaambiwa wakaombe hataza, ile hati inayomzuia mtu mwingine kuunda au kuuza uvumbuzi wako bila ruhusa yako. Ushauri mzuri. Lakini wakubwa wanaoutoa hawataji bei ya mlango wa mwisho.

Tusidanganyane, kukubaliwa si kupewa. Chukua ARIPO, ofisi iliyoko Harare inayotoa hataza kwa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Uvumbuzi wako ukishakaguliwa na kuonekana ni mpya, nchi ulizozitaja hupewa miezi 6 ya kusema kama zinaukataa. Ukivuka hapo, unadaiwa ada ya kutolewa hati na kutangazwa katika jarida. Hulipi, hupati. Na ada hizo huhesabiwa kwa dola ya Marekani, si kwa shilingi ya fundi.

Ukiipata, usishangilie bado. Kila mwaka kuna ada ya kuiweka hai, tena kwa kila nchi uliyoitaja. Nchi 5, unalipa mara 5. Ulinzi wa miaka 20 tangu siku ya kuomba unakuwa kama chumba cha kupanga Manzese: ukikosa kodi, vitu nje. Hataza ikifa, tajiri anaunda mashine yako mchana kweupe na huna pa kumshitaki.

Sisemi ada zifutwe. Wakaguzi nao wanakula. Ninachodai ni kwamba fundi asipimiwe kibaba kimoja na kampuni kubwa. Marekani, mabepari wenyewe, tangu Desemba 2022 inawapunguzia wavumbuzi wadogo asilimia 60 ya ada nyingi za hataza, na wenye kipato kidogo asilimia 80. Punguzo hilo linafika hadi ada ya mwisho na zile za kuiweka hai. Serikali yetu inashindwa nini kumchangia kijana hatua hizo mbili?

Kijana mwenzangu, kabla ya kuomba, piga hesabu mpaka mwisho, na taja nchi zile tu unazotarajia kuuza. Nawe mheshimiwa unayempiga mvumbuzi begani kila Sabasaba huku kamera zikimulika, elewa kwamba pongezi hazilipi ada.